Kuota Moto Si Kuota Ndoto: Majibu kwa Wasomaji

Kipupwe kimeshika nyanda za juu, na barua nyingi za mwezi huu zimekizunguka kitenzi kimoja chenye silabi mbili tu: ota. Tumezichagua zile zenye maswali yanayowagusa wengi.

Mwanafunzi wangu wa kidato cha pili aliandika, "Babu anaota moto barazani." Mwalimu mwenzangu akamkata alama, akisema kuota ni kwa ndoto na kwa mimea, na kwamba moto mtu "hujipasha". Nani yuko sahihi?
*Mwalimu, Makete*

Mwanafunzi yuko sahihi, na tunaomba arudishiwe alama yake. Kuota moto ni kukaa karibu na moto ili mwili upate joto, na kulifurahia joto hilo. Vivyo hivyo kuota jua. Si lugha ya mafumbo, wala si maana iliyoazimwa kutoka kwenye ndoto. Kamusi zetu huandika ota zaidi ya moja, kila moja na namba yake, kwa sababu hayo ni maneno tofauti ambayo sauti zake zimekuja kukutana: ota ya mbegu, ota ya usingizini na ota ya motoni.

Mwalimu mwenzako akitaka ushahidi, asitazame kitenzi peke yake. Atazame nomino zilizozaliwa nacho. Wingi wa moto ni mioto, kama tunavyosikia kwenye taarifa za habari: mioto ya misituni. Ondoa m- ya umoja na mi- ya wingi, kinabaki -oto. Sasa linganisha na maneno haya: cheza hutoa mchezo na michezo, tega hutoa mtego na mitego, ota hutoa moto na mioto. Njia ni ileile, kitenzi kinabadilisha irabu ya mwisho kuwa -o na kuvaa kiambishi cha ngeli. Kwa asili yake, basi, moto ni kile kinachootwa. Na joto nalo ni ndugu wa tumbo moja: ji- na -oto zimeungana, kama ji- na -ambo zilivyoungana zikatoa jambo kutokana na amba. Kwa hiyo anayesema "kuota moto" anaweka kitenzi pamoja na mtoto wake, kama asemaye kucheza mchezo au kuimba wimbo.

Ota ya usingizini ina mtoto wake mwingine, ndoto. Ota ya mimea ina uoto (vitabu vya jiografia husema uoto wa asili) na maotea, yaani mazao yanayochipuka yenyewe shambani msimu unaofuata bila kupandwa. Familia tatu, na kila moja ina nyumba yake.

Kuhusu kujipasha: pasha ni kufanya kitu kipate. Tunapasha chakula moto, wachezaji wanapasha misuli moto kabla ya mechi. Ukisema mtu anajipasha moto, umetaja lengo, yaani kuufukuza ubaridi, na anaweza kulifikia hata kwa kurukaruka au kukimbia bila moto wowote karibu. Huwezi kuota moto kwa kukimbia. Kuota kunataka utulivu: kiko chanzo cha joto, yuko mtu aliyekisogelea, na iko raha ya kukaa hapo. Babu wa barazani anaota. "Anajipasha" si kosa, lakini kunamfanya aonekane ana haraka ya kuondoka.

Darasani wape wanafunzi majaribio matatu ya kubadilisha neno. Kama chipuka au mea inaingia mahali pa ota bila kuharibu maana, ni ota ya mimea. Kama unaweza kuongeza "usingizini", ni ota ya ndoto. Kama unaweza kuweka "pata joto la", ni ota ya motoni. Sentensi kama "Usiku nimeota moto" inapita majaribio mawili, na hapo ndipo mwandishi anapaswa kumsaidia msomaji: ama aandike "nimeota ndoto, nikaona moto", ama "usiku nilikaa nikaota moto".

Mwili nao hutumia ota ya kwanza, ile ya mbegu: mtoto ameota meno, kijana ameota ndevu, kiganja kimeota sugu. Mkate nao huota ukungu. Kutoka hapo zikaja semi kama rushwa kuota mizizi na matumaini kuota mbawa. Hakuna joto lolote humo.

Sisi huku kwetu tunasema kulota ndoto, lakini kuota moto. Wenzetu wa Tanzania wakitusikia wanasema tumeharibu Kiswahili. Je, ni kweli?
*Msomaji, Bukavu*

Katika maandishi ya Kiswahili sanifu andika kuota ndoto, maana ndiyo sura iliyokubaliwa mashuleni na vitabuni. Lakini kusema mmeharibu si haki hata kidogo. Hiyo L yenu ni ya zamani, na Kiswahili cha pwani ndicho kilichoidondosha.

Tazama lugha jirani. Kinyarwanda: kurota ni kuota ndoto, kota ni kuota moto. Kiganda: okuloota ni ndoto, okwota ni moto. Kichewa cha Malawi: kulota ni ndoto, kuotha ni moto. Kote huko vitenzi hivi viwili havijawahi kuchanganyika, kwa sababu kimoja kina L au R mbele na kingine hakina. Kiswahili kimezoea kuiacha konsonanti hiyo katikati ya irabu: njala ya Wachewa kwetu ni njaa, mvula yao ni mvua, njira yao ni njia. Kulota nako kukawa kuota, kukaangukia juu ya kuota moto, na tangu siku hizo Waswahili wanayatofautisha kwa muktadha tu.

Hata hivyo L haikupotea yote. Imejificha ndani ya ndoto. Katika Kiswahili, N ikikutana na L hutoa ND: ulimi mmoja, ndimi nyingi. Kwa mtindo huohuo, n- na -loto zikatoa ndoto. Kama ota ya usingizini isingekuwa na L hapo mwanzo, tusingekuwa na D ya kuieleza. Wenzako wakikucheka tena, waulize D ya ndoto imetoka wapi.

Nafasiri kijitabu cha watalii. Kuna sentensi inayohusu wageni wanaolala ufukweni ili kupata jua, nyingine inahusu mijusi juu ya jabali, na nyingine inahusu mashine ya kupasha chumba joto. Je, zote zichukue kuota? Na ikiwa mtu amejifunika blanketi?
*Mfasiri, Nairobi*

Mipaka ya kitenzi hiki ni mikali kuliko inavyoonekana, kwa hiyo tutaipitia taratibu.

Kwanza, mwenye kuota lazima awe hai na awe amejipeleka mwenyewe. Wageni wanaota jua. Mijusi inaota jua, mamba ukingoni anaota jua, paka aliyejikunja kando ya jiko anaota moto. Lakini nguo hazioti jua, zimeanikwa. Mahindi, dagaa na mihogo huanikwa pia. Jabali lenyewe, ambalo mijusi imelala juu yake, halioti chochote. Limepata moto kwa jua. Mtu akilazimishwa kusimama juani naye haoti: amepigwa na jua, amechomwa na jua, au ameanikwa juani kama nguo, na neno hilo la mwisho Waswahili hulitumia kwa uchungu kueleza mateso hayo. Wapo wanaosema wageni wa ufukweni "wanajianika", na maneno hayo yana picha nzuri, ila yana chembe ya kushangaa tabia yao. Katika kijitabu cha watalii andika kuota jua.

Pili, joto lazima litoke kwenye chanzo kilicho mbali kidogo na mwili, likusogelee kupitia hewani. Moto, jua, jiko, makaa: sawa. Mashine ya umeme inayopasha chumba, ambayo wengi huiita hita, nayo unaweza kuiota ukiwa umeketi mbele yake. Ikiwa nyumba nzima ina joto na hujasogelea kitu, sema tu nyumba ina joto. Blanketi halioti mtu wala mtu haoti blanketi. Amejifunika, amejigubika, amejikunyata ndani yake. Mvuke una kitenzi chake, kujifukiza. Kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya moto kikagandamizwa mwilini, kama afanyiwavyo mzazi baada ya kujifungua, ni kukanda. Ukiyachanganya hayo, msomaji wa Kiswahili ataelewa jambo jingine kabisa.

Tatu, na hapa ndipo wafasiri wengi hujikwaa, kitenzi hiki hakitaki kihusishi. Si "anaota kwa moto", si "anaota kutoka kwenye jua". Moto na jua hufuata moja kwa moja: anaota moto, anaota jua. Jihadhari pia na -ni ya mahali. "Anaota juani" humfanya msomaji afikirie mche unaochipua penye jua, au mtu aliyesinzia nje akaota ndoto. "Motoni" ni hatari zaidi, maana ni ndani ya moto wenyewe, na kwa wengi ni jina la Jehanamu. Ukitaka kutaja mahali, weka mahali pengine: anaota moto barazani, anaota jua uani.

Hali ya kutendeka ipo na inafaa sana kwa kazi yako: jua la saa sita Lodwar halioteki. Yaani lipo, ila si la kufurahia.

Kompyuta yangu huweka mstari mwekundu chini ya "wanaoota". Je, ni kosa?
*Mpigachapa, Dar es Salaam*

Si kosa, uache. Wanaota ni sentensi kamili: watu wanaota moto. Wanaoota ni kirejeshi: watu wanaoota moto wamevua viatu. O ya kwanza ni ya urejeshi, ya pili ni ya kitenzi, na zote huandikwa. Ukifuta moja, sentensi inabaki na vitenzi viwili visivyoungana: "watu wanaota moto wamevua viatu".

Kwa kuwa umefungua mlango huo, haya mengine yanayosumbua wachapaji. Ukiweka kiambishi cha yambwa, yaani cha kile kinachotendwa, ngeli hukuonyesha ni ota ipi: moto tunaouota, jua tunaloliota, ndoto tuliyoiota. Yambwa ikiwa mtu, maana ni ndoto siku zote: "nimekuota" ni kusema nimekuona ndotoni, wala haiwezi kuwa nimepata joto lako. Hivyo anayeandika "ninakuota moto" akidhani anafanya kama ninakula na ninakunywa, amekosea. Shina ota lina silabi mbili, halihitaji ku- ya kulishikilia: ninaota moto, nimeota moto, nitaota moto.

Katika dhamira ya kuomba au kualika, irabu ya mwisho huwa -e: njoo uote moto, waache watoto waote jua. Waote si wote. "Watoto wote waote jua" ni sentensi safi, hata kama jicho linakataa mara ya kwanza.

Mtangazaji wa mpira husema mshambuliaji "ameotea". Aliota nini?
*Mwanafunzi, Morogoro*

Hakuota kitu. Otea ya mpirani ni otea ya kuvizia: chui anamwotea mbuzi, maana yake amejificha akimngoja. Mshambuliaji aliyekaa nyuma ya mabeki akingoja mpira naye anavizia. Jibu la kuotea kwenye mtihani ni la kubahatisha. Ipo otea nyingine, ambayo ni kauli ya kutendea ya ota yetu: jiko la kuotea moto, mahali pa kuotea jua. Muktadha hutosha kuzitenganisha.

Kliniki wametuambia tumwoteshe mtoto jua. Bibi yake anasema kuoteshwa ni kwa waganga. Nani tumsikilize?
*Mama, Lushoto*

Wote wawili wanajua Kiswahili, mama. Otesha ni kufanya aote, na kwa kuwa ota ni tatu, otesha nazo ni tatu. Mkulima huotesha miche kitaluni. Mzazi humwotesha mtoto jua. Na mtu anayesema ameonyeshwa jambo usingizini na Mungu au na mizimu husema ameoteshwa. Maana hii ya tatu ilivuma sana Tanzania mwaka 2011, maelfu ya watu walipokwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ambayo mchungaji mstaafu aliyeitoa alisema ameoteshwa na Mungu. Tangu hapo, ukisema "nimeoteshwa" bila kutaja kitu, wengi watafikiria hiyo.

Tofauti imekaa kwenye neno linalofuata. Taja jua na mashaka yanaisha: mtoto ameoteshwa jua. Ukiona bado bibi ananung'unika, sema "mtoto nimemtoa juani", ataelewa. Kuhusu saa na dakika za kumkalisha, fuata ulivyoelekezwa kliniki, na uso wake usielekee jua moja kwa moja.

Je, ni sahihi kusema "kuota jiko"? Jiko si moto.
*Msomaji, Njombe*

Ni sahihi kwa mazungumzo na hata kwa maandishi. Tunataja chombo tukimaanisha kilichomo, kama asemaye amekunywa vikombe viwili. Kuota jiko, kuota makaa, kuota kuni: yote husemwa, na kila moja huchora picha yake. Kuota kuni kuna ndimi za moto na moshi, mtu hubadilisha upande upepo ukigeuka. Kuota makaa kuna utulivu zaidi, maana kuni zimeshaungua, moshi umekwisha na joto limetulia.

Utulivu huo ndio unaotutia hofu, na tungekuwa tumekosa tukijibu swali la lugha tukaliacha hili. Makaa yasiyo na moshi bado yanatoa kaboni monoksidi, hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia mwilini hushika mahali pa oksijeni kwenye damu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, na huo usingizi watu hudhani ni raha ya joto. Kuliwasha jiko nje na kuliingiza ndani likishaacha kutoa moshi hakuondoi hatari, kwa kuwa kilichokwisha ni moshi tu. Kidirisha kilichofunguliwa kidogo nako si kinga ya kutegemea. Otea jiko barazani au uani, na muda wa kulala ukifika jiko libaki nje. Ukiona mwenzako analalamika kichwa karibu na jiko, mtoe kwenye hewa safi kwanza, kisha mpelekeni hospitali.

Huku kwetu pwani baridi ni ya kuhesabu siku. Tuna kitenzi cha raha ya ubaridi kama wa bara walivyo na cha raha ya joto?
*Msomaji, Mombasa*

Mnacho, na ni chenu hasa: kupunga upepo. Jioni mtu anatoka nyumbani, anakwenda kukaa penye upepo wa bahari, hana kazi nyingine. Ni kitenzi kinacholingana na kuota moto karibu kwa kila jambo. Kinataka kiumbe hai, kinataka utulivu, na kina raha ndani yake. Anayetetemeka kwenye mashua kwa kusi hapungi upepo, anapigwa na baridi. Kama vile aliye kwenye jua kali asivyoota jua.

Wala usiseme "kuota upepo". Tumeliona neno hilo kwenye barua mbili, na halina mzizi popote, kwa kuwa kilichootwa lazima kiwe na joto. Mwandikapo, angalieni u- ya mwanzo isidondoke: kupunga upepo ni matembezi ya jioni, lakini kupunga pepo ni kazi ya ngoma na mganga, kumtoa mtu mashetani.